Pikipiki Inapiga Risasi Ukishuka Mlima? Usikimbilie Kununua Ekzosi

Hapa dukani kwetu Moshi watu wengi huja kuuliza bei ya ekzosi mpya. Ukiwauliza ya zamani ina nini, jibu ni lilelile: "Inapiga risasi, fundi. Nikiachia resi tu, paa! Abiria anaruka." Ekzosi tunauza, na hatuna sababu ya kukataa hela. Lakini mara nyingi ekzosi yenyewe ni nzima. Ukifunga mpya bila kugusa kiini cha tatizo, utarudi na malalamiko yaleyale.

Ule mlio ni petroli inayoungua mahali pasipo pake. Ukiachia resi ghafla, kabureta inabaki kutoa mafuta kidogo ya sailensa tu, yaani ya injini kunguruma bila resi. Yakiwa hafifu mno, yaani machache kuliko hewa iliyopo inavyotaka, cheche inashindwa kuyawasha, yanatoka mabichi mpaka kwenye ekzosi ambayo tayari ni ya moto. Yakikuta hewa safi imeingia huko kwa ufa fulani, yanalipuka. Mpasuko mdogo mmoja mmoja unaposhuka mteremko usikutishe. Ule wa kugeuza watu vichwa barabarani ndio wa kushughulikia.

Anza pale ekzosi inapoungana na hedi, kile kichwa cha injini juu ya silinda. Kuna gasketi ya duara pale, mara nyingi ya shaba, na ndiyo inayotuletea wateja wengi kuliko kitu kingine. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, washa pikipiki na usogeze kiganja karibu na maungio bila kugusa. Kama inavuja utasikia pumzi inapiga kiganja, pfu, pfu, pfu. Tazama pia masizi meusi yaliyotapakaa kwenye mapezi ya silinda kuzunguka hapo. Ukitaka uhakika, paka maji ya sabuni mara tu baada ya kuwasha, kabla chuma hakijapata moto, uone kama povu linachemka.

Uvujaji huu una ujanja wake: unalia tak-tak-tak kama tapeti (zile zinazosukuma valvu) zimelegea. Wengi wamefunguliwa hedi bure kwa sababu hiyo. Sikiliza vizuri. Mlio wa gasketi mara nyingi ni mkali pikipiki ikiwa baridi, halafu unafifia chuma kikipata moto na kutanuka. Wa tapeti haufifii hivyo, na unatoka juu kwenye kava, hautoki mbele kwenye bomba.

Kubadilisha gasketi unaweza mwenyewe kwa spana tu. Subiri ipoe. Puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye zile nati mbili zinazobana bomba na uyape muda, maana stadi (chuma chenye nyuzi kinachoshika nati) ikikatikia ndani ya hedi kazi ya bei ndogo inageuka ya bei kubwa. Legeza pia bolti inayoshika ekzosi kwa nyuma. Chokoa gasketi ya zamani yote (wakati mwingine imenata hadi inafanana na hedi, watu wanaweka mpya juu yake), safisha kwa brashi ya waya, weka mpya. Kaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, kisha malizia bolti ya nyuma. Ukianza na ya nyuma bomba linakaa upande. Gasketi iliyokwishabanwa usiirudishe.

Kama pale pako sawa, hamia upande wa kabureta. Mpira au kipande kinachounganisha kabureta na injini kikipasuka, injini inavuta hewa ya wizi na mafuta yanakuwa hafifu. Paka maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka maungio huku pikipiki iko sailensa. Mlio wa injini ukibadilika, umepata. Pikipiki nyingine zina mpira mwembamba unaopeleka hewa kutoka upande wa chujio kwenda tundu la ekzosi, ili kupunguza moshi. Ukichanika au valvu yake ikichoka, risasi zinaanza unapoachia resi. Watu hawautazami kabisa.

Plagi ichomoe uitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe maana yake mafuta ni kidogo. Nyeusi ya masizi maana yake yamezidi, na kwa hapa kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni chujio la hewa, hasa kiangazi kwa wanaokwenda Kahe na kwenye mashamba ya miwa ya TPC, kwenye vumbi. Angalia pia kama hukusahau choki ikiwa imevutwa. Nafasi ya plagi kwa pikipiki nyingi hizi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, kitabu chako kina kipimo chake. Na kama risasi zimeanza siku umetoka kuosha kwa mashine ya presha, vua kofia ya plagi, ikaushe, ujaribu tena kabla ya kumtafuta mtu.

Skrubu ya kabureta inayorekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta ndiyo tunayoomba usiichezee hovyo. Kabla ya kuibadilisha, izungushe ndani taratibu hadi ikae, ukihesabu mizunguko, ili ujue pa kuirudisha. Tena kabureta hazifanani: skrubu iliyo upande wa chujio huwa ya hewa, ukiifungua unapunguza nguvu ya mafuta, iliyo upande wa injini huwa ya mafuta, ukiifungua unayaongeza. Kijana wa kijiweni akikwambia "fungua tu", muulize ipi. Jeti (kitundu kinachopitisha mafuta) ikiwa imeziba, ipulizwe kwa hewa. Usiichokoe kwa waya. Pikipiki za kisasa zisizo na kabureta haya hayazihusu, hizo zinataka kipimo cha kompyuta.

Sasa tuseme la Marangu. Madereva wengi wakishuka kuelekea Himo huzima swichi ili kubana petroli, gia ikiwa ndani. Injini inaendelea kuzungushwa na tairi, inavuta mafuta na kuyatupa mabichi kwenye ekzosi mita kwa mita. Ukifika chini ukawasha swichi, cheche ya kwanza inakuta ekzosi imejaa mvuke wa petroli. Huo mlipuko tumeona ukipasua mshono wa ekzosi na kuvunja vyumba vya ndani. Petroli uliyodhani umeibana imetoka vilevile. Wanaoweka free, gia ikiwa nje, wanakwepa hilo, lakini wanapoteza msaada wa injini na kuachia breki kazi yote, kwenye kona zile. Shuka na gia, swichi iwe imewashwa.

Milio mingine ni rahisi. Mtetemo wa bati, krrr, kwenye resi fulani tu ni kava la ekzosi: kaza skrubu. Kitu kinachogonga ndani ukiitikisa ikiwa baridi ni vyumba vilivyovunjika, na hapo kweli ekzosi imekwisha. Matone ya maji mkiani asubuhi ni ya kawaida. Wale wanaokata mkia ili ilie wajue risasi zitaongezeka, na hilo hatuna dawa nalo zaidi ya kurudisha mkia.

Mlio wa mnyororo wa taimingi, tapeti, au risasi zinazotokea kwenye kabureta badala ya ekzosi, ziletee fundi. Ukija kwetu, ilete asubuhi au uiache jioni ilale hapa, kwa sababu kipimo cha gasketi na cha tapeti vyote vinataka injini ya baridi. Njoo na plagi yako ya zamani, hata kama umeshaibadilisha. Rangi yake inatuambia mengi kabla hatujashika spana.