Asilimia ya protini kwenye gunia haitoshi kumwongoza mfugaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa huku Kilimanjaro, nalo ni mazoea ya kuchagua chakula cha nyongeza kwa kutazama asilimia ya protini peke yake. Asilimia hiyo hupatikana kwa kupima nitrojeni iliyomo katika chakula na kuizidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakitenganishi protini halisi na nitrojeni ya aina nyingine, wala hakisemi protini itavunjikia wapi ndani ya ng'ombe. Kilo moja ya urea, kemikali yenye nitrojeni nyingi ambayo si protini kabisa, kwa hesabu hiyo huonekana kuwa na protini ya karibu kilo 2.9.

Chakula kinapofika kwenye rumeni, yaani tumbo la kwanza na kubwa kuliko mengine, vijidudu visivyoonekana kwa macho huivunja sehemu kubwa ya protini hadi kuwa amonia, kisha huitumia amonia hiyo kujijenga na kuongezeka. Vijidudu hivyo husukumwa pamoja na chakula hadi tumbo la nne na utumbo mwembamba, navyo humeng'enywa huko. Hivyo ndivyo ng'ombe anavyopata sehemu kubwa ya protini anayotengenezea maziwa. Inayobaki hutoka kwenye protini ya chakula iliyopita rumeni bila kuvunjwa.

Kazi ya vijidudu inahitaji nishati, tena kwa wakati uleule amonia inapopatikana, na hapo ndipo fedha zetu zinapopotelea. Mashudu ya alizeti huvunjika haraka sana. Mfugaji anayeyamwaga yote asubuhi kwenye hori lenye mabua makavu ya mahindi anazalisha amonia nyingi kwa muda mfupi, ilhali mabua hayo yanachukua saa nyingi kutoa nishati. Amonia iliyokosa matumizi hupenya ukuta wa rumeni na kuingia kwenye damu, ini huigeuza kuwa urea, kiasi chake hurudi tumboni kupitia mate, na iliyozidi hutoka kwenye mkojo na maziwa. Mashudu yaleyale yakichanganywa na pumba za mahindi na molasi kidogo, yakagawanywa asubuhi na jioni, yana faida kubwa zaidi, na mfugaji hahitaji kuongeza hata kilo moja.

Mashudu ya pamba huvunjika polepole kuliko ya alizeti, na dagaa polepole zaidi, hivyo protini yao nyingi hupita rumeni bila kuvunjwa, ndiyo maana wauzaji huwasifia dagaa kwa kila mfugaji. Mimi siafiki. Ng'ombe wa lita nane kwa siku anatoshelezwa kwa kiasi kikubwa na vijidudu vyake, iwapo vimelishwa vizuri, kwa kuwa protini ya vijidudu ni bora. Anayetoa lita 20 na zaidi ndiye anayerudisha gharama ya protini inayokwepa rumeni. Dagaa wabaki kwa watoto wetu.

Kwa wengi wetu, kaliandra, mti wa malisho, ingefaa kabla ya kwenda dukani. Majani yake yana tanini inayoifunga sehemu ya protini isivunjwe yote rumeni, na majaribio yaliyofanyika Embu, nchini Kenya, yalionyesha kwamba kilo tatu za majani mabichi ziliongeza maziwa sawa na kilo moja ya chakula cha dukani. Mti huo huota vizuri kwenye kingo za makinga maji, mahali ambapo hatulimi kitu.

Kiangazi kina shida yake. Nyasi zilizokauka hadi protini ikashuka chini ya asilimia 7 huvinyima vijidudu nitrojeni, nyuzi hazivunjwi ipasavyo, na ng'ombe hukonda huku tumbo likiwa limejaa. Urea kidogo iliyochanganywa vizuri na molasi husaidia hapo, lakini isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu chote, na ndama wasipewe kamwe, kwa kuwa rumeni yao haijaanza kazi. Hori lisiloezekwa ni hatari zaidi: mvua huyeyusha urea, maji yake hutuama chini, na ng'ombe akiyanywa huanza kutetemeka, hutokwa na povu, tumbo huvimba, na anaweza kufa ndani ya saa chache.

Kwa sababu hizo ninaomba watengenezaji wa vyakula vya mifugo waandike kwenye kila gunia protini imetokana na nini na urea imewekwa kiasi gani. Aidha, maofisa mifugo wa kata na vyama vya ushirika vya maziwa watufundishe kuchanganya mashudu, pumba na majani tuliyonayo kulingana na lita ambazo kila ng'ombe anatoa.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Marangu, Kilimanjaro