Tuonyeshwe gharama kabla ya kuomba uenyeji

Mhariri,

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mji wa Montreal, Kanada, uliandaa Olimpiki mwaka 1976 na ukamaliza kulipa deni lake mwaka 2006. Miaka 30! Hamburg, Ujerumani, mwaka 2015, iliwauliza wakazi kwanza kwa kura kama iombe kuandaa Olimpiki. Wakakataa, mji ukajitoa. Hivyo ndivyo inavyofaa.

Sasa Kenya, Uganda na Tanzania ndizo wenyeji wa Kombe la Afrika 2027. Sisi wavuvi na wachuuzi wa Malindi tutalilipia kwa kodi, ingawa wengi wetu mechi tutazitazama kwenye runinga. Naomba sana: kabla serikali haijatia saini ombi jingine la uenyeji, masharti na gharama vibandikwe hadharani, hata pale sokoni, tuvisome.

Mlipa kodi,
Malindi