Kabla hujanunua konveta, angalia nyuma ya king'amuzi chako

"Fundi, nimenunua TV kubwa lakini picha ina ukungu. Nipe ile konveta ya kusafisha picha." Ombi hili tunalisikia dukani karibu kila wiki. Konveta tunaziuza, lakini mteja wa namna hii tunamwomba asubiri kwanza.

Konveta ya AV kwenda HDMI ni kisanduku kidogo kinachounganisha vifaa ambavyo matundu yake hayafanani: AV ni matundu ya zamani ya waya za njano, nyekundu na nyeupe, HDMI ni tundu jipya, bapa, la waya mmoja. Kusafisha picha si kazi yake. Deki ya DVD ya PAL, mfumo wa picha wa TV za zamani za kwetu, inatoa picha ya nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. TV ya Full HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, mara tano kamili ya hizo. Ukisukuma ile swichi ya 1080p (yaani Full HD) ubavuni mwa konveta, katika kila nukta tano, nne zinakisiwa tu. Na kazi hiyo ya kukisia TV yako inaifanya yenyewe, mara nyingi vizuri kuliko kisanduku cha bei ya chini.

Mwenye kosa hasa ni waya wa njano wa AV, ule unaobeba picha. Mwanga na rangi vyote vinapita humo vimechanganywa, na vikishachanganyika havitenganishwi tena vikawa safi. Sogea karibu na skrini uangalie maandishi mekundu: kingo zake zinatambaa vinukta. Konveta inaupokea uchafu huo na kuupitisha ulivyo.

Mteja mmoja wa Tabata alitaka konveta kwa ajili ya TV ya inchi 55. Tukamwomba twende kwanza tukaone. Tulipokigeuza king'amuzi, tundu la HDMI lilikuwapo, limejaa vumbi, halijawahi kuchomekwa kitu tangu kinunuliwe. Tukachomeka waya wa HDMI, tukaingia kwenye menyu ya king'amuzi na kuweka 1080i (picha ya mistari 1,080) badala ya 576i (mistari 576), na sura za watu zilizokuwa zimetanuka tukazirudisha kwenye umbo lake. Mechi ilikuwa inaendelea. Akaanza kusoma namba za jezi akiwa amekaa kwenye kochi. Alilipia waya na ufundi, konveta ikabaki dukani. Ila chaneli inayorushwa kwa ubora wa chini itabaki hivyo hata kwa HDMI, na hilo tulimwambia palepale.

Konveta inafaa pale TV mpya inapokosa matundu ya AV na wewe una deki ya zamani, tuseme ya kanda za VHS za harusi ya wazazi. Hapo nunua bila wasiwasi, ila soma maandishi juu ya kisanduku: AV kwenda HDMI si sawa na HDMI kwenda AV, na hakigeuziki. Kinahitaji pia umeme wa volti 5 kwa waya wa USB.

Kwa hiyo kabla hujaja, piga picha mbili kwa simu, nyuma ya TV na nyuma ya king'amuzi au deki, utuonyeshe. Kuangalia hatutozi.