Mgeni haulizwi anaondoka lini: barua ya wazi kwa wajukuu

Wajukuu zangu, kamwene.

Nimeamua kuyaandika haya hadharani, nisiyaseme kwenye lile kundi letu la familia la kwenye simu, kwa sababu jambo lililotokea nyumbani kwangu mwezi wa saba linatokea kwenye nyumba nyingi hapa Njombe na huko mijini mnakoishi. Wazee wenzangu wananung'unika chini chini wasije wakaitwa wakorofi. Mimi nimechoka kunung'unika.

Mnakumbuka siku aliyofika Bibi wa Tukuyu. Alidamka alfajiri, akapanda gari mpaka Mbeya, akabadilisha, akapita Uyole na Chimala hadi Makambako, akashuka tena kutafuta gari la Njombe. Ni mtu wa miaka zaidi ya sabini mwenye magoti mabovu. Alikuwa na mfuko wa mchele wa Kyela, ndizi, na kikapu chake cha ufumaji. Kumpokea mlimpokea vizuri, hilo sikatai. Shikamoo zilitoka, mizigo mliibeba, maji ya moto mlimpelekea bafuni. Tukakaa mezani. Bado ananawa mikono, mmoja wenu akamwuliza, "Bibi, kwani unaondoka lini?"

Nia ya muulizaji naijua. Alitaka kumkatia tiketi mapema kwa simu, maana wakati wa likizo mabasi hujaa. Lakini mtu mzima akiulizwa hivyo chakula hakijapakuliwa, anachoelewa ni kwamba ameshawachosha watu. Mwenzangu alinitazama, akajibu kwa upole, "Keshokutwa, mjukuu wangu." Mimi alikuwa ameniambia atakaa mpaka mwisho wa mwezi. Nilimsihi usiku ule na kesho yake, akacheka tu na kusema ng'ombe wake hawana mtu. Ng'ombe walikuwa na mtu, na mtu huyo namjua. Keshokutwa yake akaondoka.

Kabla ya kuendelea na hasira zangu, ngoja niwaambie mlimfukuza nani.

Babu yenu alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA. Ujenzi ulianza mwaka 1970 na ukakamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na kipande kilichowatoa watu jasho kuliko vyote kilikuwa cha Mlimba kupanda milimani hadi Makambako. Huko ndiko walikochimba mahandaki, huko ndiko lilikojengwa daraja la Mto Mpanga. Mimi wakati huo nilikuwa kwa wazazi wangu na mimba ya kwanza. Bibi wa Tukuyu alikuwa kambini na mumewe, akiwapikia vibarua. Yeye ndiye aliyemwona babu yenu akitoka handakini vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Anajua aliongeaje na wale mafundi wa Kichina bila lugha, aliumiaje bega, alilia nini rafiki yake alipofariki. Mimi nayajua kwa kuhadithiwa. Yeye aliyaona. Babu yenu hayupo, na mume wa Bibi wa Tukuyu hayupo, kwa hiyo shahidi wa ujana wa babu yenu amebaki mmoja, na mmoja huyo mlikuwa naye mezani.

Mimi na Bibi wa Tukuyu tulikutana Makambako nilipomfuata babu yenu. Anayeujua upepo wa Makambako hahitaji kuelezwa baridi yake. Alinikuta nimejifunga khanga mbili na bado natetemeka, akanifundisha kufuma. Sindano zetu za kwanza zilikuwa spoki za baiskeli, tumezisugua ncha kwenye jiwe mpaka zikawa laini zisikamate uzi. Kila nguo niliyowafumia baba zenu na mama zenu inatoka kwenye mikono ya mwanamke yule.

Halafu ikaja miaka migumu baada ya vita vya Kagera. Dukani hakuna sabuni, hakuna sukari, uzi ndiyo usiseme. Watoto wanakua na baridi haisubiri. Tukawa tunafumua masweta ya watu wazima na kufuma ya watoto. Nawaeleza namna yake maana kuna wenzenu siku hizi wameanza kufuma na wanalalamikia bei ya uzi. Unafungua kwanza mishono iliyounganisha vipande, mikono kando, kifua kando, mgongo kando. Kwenye kila kipande unatafuta ncha ya mwisho, pale mfumaji alipofungia, unavuta. Uzi unakuja umejikunja kunja, haufai kufumwa hivyo hivyo. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga sehemu tatu au nne usije ukavurugika, unauloweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, unausuuza, kisha unautundika na kuufungia kijiwe chini unyooke wenyewe ukikauka. Viwikoni uzi huwa umelika. Pale unakata na kuunga. Sweta moja la babu yenu lilitoa la baba mkubwa wenu na kofia ya shangazi. Mtumba nao unafaa, ila geuza ndani kwanza uangalie ukingo. Ukiona kitambaa kilikatwa kwa mkasi kikashonwa kwa mashine, rudisha; ukikifumua utapata vipande vifupi vifupi tu.

Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anavuta, mwingine anakunja, mtoto anashikilia uzi kwenye viganja viwili. Na mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Karibu yote ninayoyajua ya ukoo wa babu yenu niliyasikia nikiwa nakunja uzi.

Sasa rudini kwenye kikapu alichokuja nacho. Ndani yake mlikuwa na sweta la kitukuu changu, la bluu na nyeupe, mwili umekamilika, shingo imefungwa, mkono mmoja umeshaunganishwa. Mkono wa pili aliuacha kwa makusudi. Alitaka ampime mtoto mwenyewe, kutoka kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono, aongeze vidole viwili vya kukua, kisha aufume hapa hapa barazani kwangu taratibu huku tukizungumza. Hiyo ndiyo adabu ya mgeni wa zamani: anakuja na kazi yake ili asiwe mzigo, na kazi yenyewe ni zawadi ya mwenyeji. Ameondoka, sweta lina mkono mmoja. Mmoja wenu aliniambia, "Bibi, si tununue tu lingine, Makambako yapo ya bei rahisi." Nilinyamaza siku ile kwa sababu ningejibu ningetukana.

Nilipowagombeza jioni ile mkanijibu kwa methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmeisikia nusu. Mwalimu Nyerere aliitaja methali hiyo hiyo mwaka 1962 alipokuwa anaeleza Ujamaa, na akasema kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe ndiye aliyeomba jembe kabla hajapewa, kwa kuona aibu kukaa bure. Jembe lilikuwa la kumwingiza mtu shambani pamoja na wenye nyumba. Mgeni wetu alikuja na jembe lake kikapuni, nanyi mkamwonyesha stendi.

Mtauliza, sasa mwenyeji atajuaje ajipange vipi? Anajua, akiwa na subira na masikio. Mwulize mgeni habari za nyumbani: nani anakamua ng'ombe, nani analala na wajukuu, kahawa imeachwa kwa nani. Atakwambia mwenyewe, "Nimemwachia jirani mpaka Jumapili," nawe umeshapata jibu. Mtajie mipango yenu: Jumamosi tunakwenda msibani kwa fulani, Jumatano ni siku ya soko. Kama anaondoka kabla ya hapo atasema. Angalia mfuko wake, aliyekuja na nguo moja hakuja kukaa. Na zaidi ya yote, mgeni ana haki ya kuaga. Yeye ndiye anayeanza kusema, "Jamani, naona kesho nirudi," na wewe ndiye unayekataa kwanza, "Mapema yote hii? Kaa kwanza tuchimbe viazi." Hata kama moyoni umechoka, kataa mara moja. Akisisitiza, ndipo unamruhusu, na ndipo maneno ya tiketi yanaanza. Hapo simu zenu zina kazi nzuri sana.

Kama kweli hamna nafasi, mwambieni mtu kabla hajafunga safari. Hilo si kosa. Kosa ni kumwacha avuke milima halafu aanze kujihesabia siku kwenye uso wako.

Mengine nayataja tu, maana mlilelewa na mnayajua. Mgeni haachiwi televisheni imlinde. Haambiwi bei ya chakula anachokula. Mzee haulizwi mbele ya watu anatumia dawa gani. Kitanda chake kiwe mbali na mlango unaopitisha baridi. Kikapu chake hakirudi kitupu. Akivunja kikombe, hukuona.

Na kusindikiza. Hapa nisameheni, sitapita haraka. Siku anaondoka, saa kumi na moja alfajiri, mliita bodaboda, mkamlipia, mkamfungulia geti. Mlilipa vizuri, nasikia mkaongeza na ya chai. Mwanamke wa umri ule amekaa nyuma ya pikipiki kwenye baridi ya mwezi wa saba ya Njombe, kikapu mapajani, na ndani ya nyumba mna vijana wanne wenye miguu mizima. Mimi nilikuwa nimemtangulia kwa miguu kwenda kumshikia nafasi kwenye gari, nikidhani mnakuja naye. Nyie mnaokwenda kanisani someni Mwanzo sura ya 18. Ibrahimu aliwakimbilia wageni, akawaletea maji ya miguu, akawaandalia ndama, akasimama karibu nao wakila. Walipoinuka kwenda zao, akaenda pamoja nao awasindikize. Alikuwa mzee, ana watumwa tele, na hakumtuma mtu.

Kusindikiza ndiko wanakosema yaliyowakwama nyumbani. Barabarani, mkitembea bega kwa bega bila kutazamana, ndipo mgeni anakwambia mwanawe anakunywa, ndipo anakuomba umwombee, ndipo anakukumbusha deni au anakusamehe. Mkimkabidhi kwa bodaboda mnayapoteza yote hayo, na mnakuja kuyasikia msibani.

Sitaki kuwabebesha nyie peke yenu lawama. Sisi wazazi na babu zenu tuliwapeleka shule tukawaambia msome, mengine yatakuja. Vijijini tulikaribisha watu kwa sababu tulilima wenyewe. Mjini kila kikombe cha unga kimenunuliwa, naelewa. Lakini naona watu wenye uwezo wanajenga nyumba ya vyoo vinne na sebule ya kupigia picha, na hakuna chumba cha mgeni. Mama mzazi akija anaambiwa kuna nyumba nzuri ya wageni hapo jirani, tutakulipia. Harusi inachangiwa mamilioni kwa ajili ya jioni moja, na shangazi aliyetoka Ludewa kuja kwenye harusi hiyo analala kwenye kochi. Pole ya msiba inatumwa kwa simu na anayeituma hajafika matanga. Watoto wanafundishwa mengi shuleni, na sindano ya kufumia hawajawahi kuishika, kwa hiyo wakikaa na mzee hawana la kufanya na mikono yao ila kutelezesha kidole kwenye kioo. Siwalaumu watoto kwa hilo. Hakuna aliyekaa nao.

Mnanipenda, najua. Mnanitumia fedha, mmenibadilishia bati, mnanipigia kila Jumapili. Ndiyo maana iliniuma. Ningekuwa na wajukuu wabaya ningesema ndivyo walivyo, nikanyamaza.

Sasa nawaambia la kufanya. Mwezi wa kumi na mbili mtakuja Krismasi kama kawaida. Baada ya sikukuu nakwenda Tukuyu kumwomba radhi rafiki yangu, na sitakwenda peke yangu. Wawili watanisindikiza, na mmoja wao ni wewe uliyeuliza lile swali. Sikukasirikii tena, mjukuu wangu, na sitaki uende kule ukajieleze habari za tiketi. Mwambie tu, "Bibi, nisamehe," inatosha. Mama mtoto apime mkono wa mtoto siku hiyo hiyo tunayoondoka, maana watoto wa umri ule wanarefuka kila mwezi, na vipimo aviandike kwenye karatasi. Sweta nitalibeba mimi. Uzi wa bluu umebaki donge moja, ukipungua tutanunua Mbeya, kwa hiyo tukate kipande kidogo cha kulinganishia rangi.

Tukifika utakaa karibu yake ushike uzi wakati anafuma mkono ule, na utamwuliza babu yako alikuwaje kule handakini. Ukipenda mrekodi kwa simu, lakini umwombe ruhusa kwanza. Chukua na daftari, majina ya watu wa kambini ni mengi na mimi mengine nimeyasahau. Mchele sisi hatubebi, kwao upo. Tutabeba viazi, parachichi na sukari kilo tano. Nijibuni kabla ya mwezi kwisha nani ni wa pili.

Bibi yenu,
Njombe