Barua kwa mdogo wangu aliye fildi

Mdogo wangu, mambo?

Nimeiona meseji yako ya jana usiku, kwamba uko fildi ofisi ya kilimo halafu bosi kakwambia kesho mnaenda fildi, ukabaki unashangaa fildi gani tena wakati fildi uko tayari. Usione aibu kuuliza, hilo neno, field, Waingereza wamelitumikisha mpaka basi.

Mwanzo lilikuwa ardhi ya wazi tu isiyo na msitu, Makaburu wa Afrika Kusini mpaka leo wanasema veld, ni ukoo mmoja. Baadae likawa shamba, likawa uwanja wa mpira, likawa uwanja wa vita, na ndo maana John Okello alijiita Fildi Masho, cheo cha juu kabisa jeshini, kwenye mapinduzi ya Zanzibar 1964, na Idi Amin naye akajivika cheo hichohicho 1975. Kwenye riadha, wanaokimbia wako treki, ila Julius Yego aliyerusha mkuki mita 92.72 Beijing 2015 akawa bingwa wa dunia, huyo mchezo wake ni wa fildi. Gesi ya Songo Songo nayo wanaiita fildi ingawa imelala chini huko. Hata kile kisanduku cha kujaza jina kwenye fomu ya mtandaoni ni fildi.

Mi inayonikosha ni ya fizikia. Unakumbuka unga wa chuma juu ya karatasi, sumaku chini yake, ukigonga karatasi kidogo unga unajipanga mistari mistari kutoka ncha hii kwenda ile? Mwanasayansi Mwingereza Faraday ndo aliiita fildi, miaka ya 1840, na sisi tukasema uga wa sumaku, uga uleule wa mbele ya nyumba, uleule ambao watangazaji wa Kenya wanasema uga wa Kasarani. Yaani imekaa vizuri sana!

Sasa ya kwako. Fildi ya chuo ni mafunzo kwa vitendo. Fildi ya bosi ni kutoka ofisini kuwafuata wakulima hukohuko mashambani, na hiyo usiikose hata wakikwambia baki upange mafaili, maana wanafunzi wengi wanamaliza fildi bila kukanyaga fildi, wametumwa chai na fotokopi wee mpaka muda umeisha, ripoti wanakopi kwa mwenzao, inaniuma kweli. Kesho vaa viatu vya kufunga, beba maji na daftari, mkulima akiongea muache amalize ndo uulize. Na logbuku, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, bosi aisaini jioni hiyohiyo, akishasafiri huyo utamtafuta mpaka uchoke.