Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: watoto wa darasa la kwanza wapimwe macho

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, nakusalimu. Mimi ni mzazi na fundi cherehani hapa Dar es Salaam, kwenye manispaa unayoiongoza. Msimu huu nashona sare za watoto watakaoanza shule Januari, ndiyo maana nakuandikia sasa na nakuandikia hadharani. Ofisini nilishafika, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri.

Wiki iliyopita mtoto wa jirani yangu, mvulana wa darasa la tatu, alirudi nyumbani viganja vimevimba. Alichapwa kwa kunakili vibaya hesabu za ubaoni. Penye 8 aliandika 3, penye 6 akaandika 0. Daftari nimelishika mwenyewe. Nikazipiga zile hesabu kama alivyoziandika yeye, na majibu yake yote ni sahihi. Mtoto anajua hesabu, Mheshimiwa. Ubao ndio haoni. Anakaa nyuma, darasa limefurika, na akitaka kusoma anafinya macho hadi paji lote la uso linakunjamana. Shuleni wanamwita mkaidi.

Naomba nikukumbushe ahadi yako. Januari 2024, macho mekundu yalipozagaa jijini, serikali ilitangaza redioni na mitaani, tukaambiwa tunawe mikono, tusipeane taulo, tusitie macho dawa za kienyeji. Mlifanya vizuri na nawashukuru. Baadaye ulikuja kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwetu, ukasema kuanzia muhula utakaofuata watoto wote wa shule za msingi watapimwa macho. Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu yalikuwa yamenikuta.

Binti yangu aliugua macho hayo mekundu. Jicho la kulia lilivimba likafumba kabisa. Asubuhi alipoamka akawa anapapasa ukuta kutafuta mlango, nami namwambia tumia la kushoto mwanangu, hilo halina kitu. Akanijibu, “Mama, hili siku zote halionagi vizuri.” Alikuwa na miaka tisa. Hospitali wakamfunika jicho zuri, wakamwonyesha herufi kubwa ya juu kabisa, akashindwa.

Daktari alitueleza kwamba jicho la kushoto lilizaliwa likihitaji lenzi yenye nguvu kuliko la kulia. Ubongo ukawa unategemea picha nzuri ya kulia na kuipuuza ya kushoto, mpaka jicho lile likazoea kutofanya kazi. Wanaliita jicho vivu. Halivimbi, haliumi, halitoi tongotongo. Mtoto anakimbia, anasoma, anacheza rede, kwa sababu jicho moja linabeba kazi ya mawili. Dawa yake ni miwani, na kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lililolala lilazimike kuona. Matibabu hayo hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka saba. Binti yangu amepata nafuu kiasi. Bei ya ile miwani ilikuwa sawa na kodi ya chumba chetu ya mwezi mzima, na darasani wenzake walimcheka plasta mpaka akawa anaibandua njiani.

Sasa tazama mwanya ulipo. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana kadi ya kliniki. Anapimwa uzito, anachanjwa surua, ambayo nayo hupofusha, na Juni na Desemba anapewa matone ya vitamini A. Hapo mama akiona mboni inang'aa nyeupe au macho yana makengeza, ana muuguzi wa kumuuliza, na weupe ule haufai kusubiri hata wiki, kwa kuwa unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani. Akifikisha miaka mitano kadi inawekwa kabatini, msamaha wa matibabu unakoma, anaingia darasani. Kuanzia hapo hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza kama anaona, wakati ndio kwanza amewekwa mbele ya ubao.

Wengi wanasema kinachoharibu macho ya watoto ni simu. Sikatai, kukodolea kitu cha karibu muda mrefu na kukosa mwanga wa nje kunachangia kutoona mbali, na wataalamu wanashauri mtoto apate kama saa mbili za nje kila siku. Basi na viwanja vya shule vinavyogeuzwa fremu za maduka navyo vitazamwe. Lakini mvulana wa jirani yangu hana simu, na jicho la binti yangu halikuletwa na simu.

Nahisi ahadi yako imekwama kati ya idara mbili. Nilipouliza elimu niliambiwa macho ni ya afya, nilipouliza afya nikaambiwa wanafunzi ni wa elimu. Pengine ni bajeti pia. Ila kinachohitajika kuanzia ni kidogo: bango la herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali, kamba ya mita sita ya kupimia umbali, na mwalimu aliyefundishwa na mtaalamu wa macho. Mtoto anafunika jicho moja, anaonyesha kwa vidole E imeelekea wapi, kisha anabadili. Hahitaji hata kujua kusoma. Anayeshindwa anaandikiwa rufaa. Miwani ni gharama, najua, na kwa hilo tunahitaji msaada wenu. Lakini mzazi hawezi kutafuta miwani ya mtoto ambaye hakuna aliyemwambia kuwa haoni.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, yetu ikiwemo, ziliweka lengo la kuongeza watu wanaopata miwani inayowafaa ifikapo 2030. Watoto ninaowashonea sare leo watakuwa bado shule ya msingi mwaka huo.

Nilikuwa na mengi ya kuomba: daktari wa macho katika kila kituo cha afya, miwani ya bei nafuu, walimu waache kumchapa asiyeona. Yote bado nayataka. Ila kama yote ni mengi, nipe hili moja: mtoto yeyote anayeandikishwa darasa la awali au la kwanza apimwe jicho moja moja kabla hajapangiwa dawati. Uandikishaji unaendelea sasa hivi. Wapimwe, Mheshimiwa. Wapimwe Januari hii.

Naomba jibu lako liwe na tarehe, na jina la shule mtakayoanza nayo.

Wako mtiifu,
Mzazi na fundi cherehani,
Dar es Salaam