Sindano kavu si utapeli, ila muulize anayekuchoma

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba hizi sindano kavu za kutuliza maumivu ya misuli, zinazounganishwa na umeme, ni utapeli wa mjini, kwamba unachomwa na dawa hupewi. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka juzi, nikiwa nimelala kifudifudi na sindano begani.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mwaka wa 26 sasa, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Anayeijua Desemba ya fundi wa sare hahitaji kuelezwa. Bega la kulia lilianza kama uchovu, likapanda shingoni, likaishia kwenye panja na nyuma ya jicho. Nilipima malaria mara mbili. Nilipima macho, nikanunua na miwani. Jirani akanishauri nichanjwe chale. Vidonge vya maumivu nilimeza mpaka tumbo nalo likadai haki yake.

Binti mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo, ndiye aliyenibonyeza kati ya shingo na bega, na panja likauma palepale. "Mama, kichwa chako hakina kosa," akaniambia. "Fundo liko hapa." Meza ya cherehani yangu iko juu, kiti kiko chini, kwa hiyo kutwa nashona mabega yamepanda. Msuli ukikazwa hivyo miaka na miaka, sehemu yake hujikunja ikawa ngumu kama punje ya kunde, haiachii hata ukilala, na maumivu yake huyasikii pale fundo lilipo bali kichwani.

Sindano yenyewe ni nyembamba na haina tundu, hata ukitaka kupitishia dawa huwezi. Ilipoligusa fundo, msuli uliruka wenyewe kama samaki aliyetolewa majini. Nilipiga kelele wakasikia hadi mapokezi. Binti akafurahi! Akasema kuruka huko ndiko alikokuwa anakutafuta. Akachoma ya pili pembeni, akabana kila sindano kwa kibanio chenye waya kutoka kwenye kimashine cha betri, akawa anafungua umeme kidogo kidogo huku akiniuliza nasikiaje. Hauchomi, unagonga: tk, tk, tk, kama cherehani inayoshona taratibu, na bega linacheza bila ruhusa yako. Dakika 15 hivi. Siku mbili baadaye bega liliuma kama nimetwanga gunia zima la mpunga, kisha likaachia. Nilirudi mara nne.

Nilimuuliza dawa iko wapi. Akanisimulia habari za Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais Kennedy wa Marekani, ambaye mafundo haya aliyachoma kwa dawa ya ganzi, na mwaka 1983 akatoa na mwenzake David Simons kitabu kizima kinachoonyesha fundo la msuli gani linaumiza wapi. Lakini mwaka 1979 daktari wa Prague, Karel Lewit, alikuwa ameshaandika kwamba sindano ikilipata fundo sawasawa hutuliza hata bila dawa. Binti hakunificha pia kwamba nafuu iliyothibitishwa vizuri zaidi ni ya muda mfupi, na kama umeme unaongeza kitu kikubwa juu ya sindano peke yake, wataalamu bado wanabishana. Hapo ndipo nilipomwamini. Tapeli gani anakupunguzia matumaini na hela bado iko mkononi mwako?

Msomaji mwenzangu nampa haki yake kwa jambo moja. Kabla ya binti huyo niliingia chumba kimoja, sitakitaja, nikakuta sindano zimelowekwa kwenye kikombe cha spiriti zikisubiri mgongo wowote utakaokuja. Mwenye chumba hakuniuliza hata naumwa nini. Nikavaa viatu vyangu nikatoka. Wakati ule nilikimbia uchafu tu, sikujua kwamba chini ya msuli ule wa bega ipo ncha ya pafu. Sindano ikizama vibaya hulitoboa, hewa ikavuja kifuani, ukaanza kuhema. Yule binti aliubana msuli kwa vidole akauinua, kama ninavyobana kitambaa nikitaka kupiga pini, ndipo akachoma. Pakiti ya sindano aliifungua mbele ya macho yangu. Aliniuliza kama nina mimba (nina miaka 51, nilicheka), kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama nimewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, maana mwenye kifaa hicho umeme ule haumfai.

Kwa hiyo, Mhariri, ningeomba umpe mtaalamu nafasi aeleze ni nani anayeruhusiwa kuchoma na amesomea nini, kwa sababu pale stendi kuna matangazo ya sindano za umeme zinazotibu mgongo, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja, na yamebandikwa, cha kuchekesha, kwenye nguzo za umeme.

Bega limenirudia mara moja tu, Januari hii, sare zilipozidi. Kiti nimekiongezea mto, na kila nikimaliza shati nasimama kidogo, wateja wanadhani nawasubiri wao.

Fundi wa sare,
Morogoro